Osiloskopu ya Marehemu Mwalimu

Jumatatu, 4 Machi
Nimeletewa heshima! Mjane wa mwalimu aliyenifunza ufundi amekuja karakanani na osiloskopu ya marehemu, ile mashine inayochora mwendo wa umeme kwa mstari wa kijani kiooni. Nzito kama jiwe la kusagia. Taa inawaka, mstari hakuna. Jumamosi anahamia kwa bintiye, na anataka kuuona mstari ule mara moja kabla ya kufunga mizigo. Nikamwambia ahesabu imeshapona. Fundi Miwani, wa meza ya pili, akauliza kama nimepima. Wivu tu.

Jumanne, 5 Machi
Kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zote ni kuukuu, kwa hiyo zote mbovu. Nimeng'oa ishirini na tatu. Fundi Miwani kasema nianze kupima umeme unaotoka kwenye transfoma, kazi ya dakika tano. Nikamjibu bingwa hapimi, bingwa anajua. Mke wangu akauliza nimeandika wapi kila moja ilikotoka. Kichwani.

Jumatano, 6 Machi
Kichwani hamna kitu. Nimebandika mpya kwa kukisia. Moja ilikaa kinyume. Paaa! Moshi, na vipande vya karatasi ya ndani ya kapasita kwenye nyusi. Fundi Miwani ndiye aliyewahi swichi. Nikamshukuru shingo upande.

Alhamisi, 7 Machi
Wazo! Balbu ya kijani nyuma ya kioo, mbele yake kadibodi yenye mwanya mwembamba. Mstari safi kabisa. Macho ya mama mjane ni ya kizee, hatajua. Sikupata raha ya kula, lakini labda ni ule moshi.

Ijumaa, 8 Machi
Mama kaja mapema. Akautazama mstari wangu kwa muda mrefu. Kisha akashika ncha ya waya wa kupimia wa mashine kwa kidole, akangoja. Kumbe marehemu alikuwa akimwambia aguse, na mstari unapanda na kushuka kama wimbi. Wangu haukusogea. Akaniuliza polepole, "Mwanangu, hii ni taa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikakiri yote. Hakufoka. Akatoa mkobani mchoro wa mashine, umekunjwa mpaka umechakaa, akasema mumewe alikuwa hagusi kitu kabla ya kupima. Yeye ndiye aliyekuwa akimshikia tochi miaka yote hiyo.

Tukafanya kazi hadi alasiri: Fundi Miwani na mita ya kupimia umeme, mimi nikirudisha kapasita kwa kufuata mchoro, mama na tochi. Umeme wa upande mmoja wa transfoma ulikuwa haufiki popote. Kiungo kimoja kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nikakilehemu, tone moja tu.

Mstari ukaja. Mama akagusa waya, ukacheza. Akacheka, kidole bado pale pale. Hakuna aliyemharakisha.

Jumamosi, 9 Machi
Mama kaondoka. Mashine katuachia mimi na Fundi Miwani, tutumie pamoja. Nimewaza sana. Siku nne nilipigana na mashine isiyokuwa na ugomvi nami. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine: kwanza kuangalia, kisha mkono.

Jumapili, 10 Machi
Mke wangu kasema pasi haipati moto. Nikajua papo hapo. Nimeifungua yote, skrubu kumi na moja, waya nje. Jirani akapita akauliza kama na sisi umeme umekatika, maana mtaa mzima hauna tangu asubuhi.

Nimemwambia mke wangu pasi ilikuwa na kasoro hata hivyo. Sasa inayo.