Flash Yangu Haina Homa

Jumatatu, 9 Juni

“Flash huambukiza kompyuta. Usichomeke yako hapa. Tuma kwa barua pepe.” Hayo kayabandika Muharami kwenye mlango wa steshenari yake, kwa herufi kubwa, kama tangazo la kipindupindu. Uongo mtupu. Ugonjwa unahitaji mwili. Flash ni plastiki na kipande cha bati. Haina damu, haikohoi, haijawahi kulazwa. Bahasha haipati malaria kwa kubeba barua ya mgonjwa.

Nilimweleza hayo kwa utulivu, mbele ya wateja wake. Akasema, sawa Ta Rugemalira, basi tuma kwa barua pepe. Nikamwambia sina ugomvi na barua pepe, nina ugomvi na kuamriwa.

Ndani ya flash kuna kijitabu changu kuhusu mnyauko wa migomba. Nakala pekee. Kompyuta yangu ilikufa mwezi Machi (uzee). Jumamosi wakulima wa Izigo wana mkutano, na kila mmoja ameahidiwa kijitabu. Shemeji Theopista, mwenyekiti wao, amesema wazi: kisipofika, kazi ya kuandikia chama anampa Muharami. Muharami, ambaye hana mgomba hata mmoja. Uani kwake ni saruji tupu.

Mpango: nitachomeka flash kwenye kompyuta za watu wenye busara, kisha nirudi mlangoni kwake na mashahidi wenye afya njema.

Pilau ya Idd aliyotuletea juzi nilikula sahani mbili. Ugomvi wetu hauhusu chakula.

Jumanne, 10 Juni

Kashozi, kwa binamu Privatus. Kompyuta yake inatunza mambo ya harusi ya bintiye. Anasema imekuwa nzito tangu mpwa wake wa Mwanza alipokuja na flash ya filamu. Nikamwambia nyumba yenye kamati ya harusi kila kitu huwa kizito. Nimechomeka. Kijitabu kimefunguka bila shida. Nimeongeza tusi moja la heshima kwa wanaoazimana mapanga. Tukatafuna punje za kahawa, nikaondoka.

Shahidi wa kwanza amepatikana.

Jumatano, 11 Juni

Izigo, ofisi ya chama. Jina la kijitabu limeota kishale kidogo pembeni. Pambo zuri. Theopista akauliza kama flash imepita kwa Muharami kwanza. Nikasema mimi sipiti kwa Muharami.

Kompyuta ikatoa onyo jekundu la Kiingereza. Nimelifunga. Asiye na hoja hupaza sauti, hata akiwa mashine. Nikabofya kishale, kijitabu kikafunguka. Theopista akataka nimwachie nakala. Nimekataa. Ana tabia ya kufuta maneno yangu makali.

Shahidi wa pili. Muharami ajiandae.

Alhamisi, 12 Juni

Theopista amepiga simu kabla sijanywa chai. Kila flash inayochomekwa kwenye mashine ya chama inatoka imejaa vishale, pamoja na ya katibu yenye majina ya wanachama. Akauliza shemeji nimefanya nini. Nikasema ni umeme wa Izigo. Akasema umeme haujasumbua wiki nzima. Nikasema hapo ndipo penye wasiwasi.

Kisha Privatus. Flash aliyotaka kupeleka kwa wachapa kadi za harusi ina vishale tu. Bibi harusi analia, na mama yake amenitaja kwa jina.

Nikakimbilia steshenari moja ya stendi kuangalia yangu. Kishale kipo. Kijitabu hakifunguki. Nimebofya kwa upole, kisha bila upole. Nimekaa kwenye benchi la nje nikitazama watu wakipakia ndizi. Kazi ya mwaka mzima, na kesho kutwa ni Jumamosi.

Nimekwenda kwa Muharami kuuliza kwa niaba ya rafiki. Akasema huyo rafiki asiiguse tena. Mafaili hayajafutwa, yamefichwa tu. Ailete, kuna mashine ya zamani aliyoitenga kwa ajili ya wagonjwa. Nikamkumbusha kwamba plastiki haiugui.

Hapo akatoa rasimu yangu, ile aliyonichapia mwezi uliopita, kabla ya tangazo lake, nikaisahihisha na kuisahau kwake. Akasoma kwa sauti ya mhubiri: “Panga haliugui. Panga hubeba. Mwenye panga husema mkono wake ni safi, huku kibanja cha jirani kinanyauka nyuma yake.” Akauliza ni nani kaandika maneno matamu namna hii. Binti yake Shadya, aliyekuwa kwenye fotokopi, akasema yeyote yule ana akili, waitu, jamani, tumtafute amsaidie huyo rafiki.

Nikasema mwandishi alizungumzia ndizi. Nikaondoka na flash yangu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefikiri. Kama flash ni panga, basi tiba yake ni yangu, ukurasa wa nne: pitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Kwa nini nimpelekee Muharami ugonjwa ambao dawa yake nimeiandika mwenyewe?

Jiko la mkaa la mke wangu Edvina. Niliipitisha haraka, upande huu na upande ule. Edvina akauliza kutoka uani, nachoma nini. Nikasema natibu. Akasema kwa harufu hii mgonjwa ameshafariki.

Imejikunja kama ganda la ndizi. Virusi vimekwisha, hilo halina ubishi. Kijitabu pia.

Sikumpigia Theopista. Edvina amempigia. Ni dada yake.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefika Izigo na hotuba kuhusu umeme. Mlangoni nimemkuta Muharami akigawa vijitabu. Edvina alimpigia na yeye. Shadya akachapa upya kutoka kwenye rasimu. Jina langu liko juu, kubwa. Maneno yangu makali yote yamo, isipokuwa tusi la Jumanne. Nilitafuta kosa, sikuliona.

Ila mwishoni ameongeza mstari: “Flash nayo ni panga.” Theopista akausoma mbele ya wote. Makofi. Mzee mmoja akauliza kama flash nayo ichomwe moto. Muharami akanigeukia, akasema swali hilo anamwachia mwandishi. Nikajibu kwamba utafiti unaendelea.

Kazi ya chama imebaki kwangu, kwa sharti kwamba kila flash ipite kwa Muharami kwanza. Nimeitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa si kutia sahihi.

Jumapili, 15 Juni

Nimelitazama jambo hili kwa utulivu. Flash yangu ilikuwa nzima mpaka ilipokutana na kompyuta. Basi kompyuta ndizo zinazoambukiza, na flash ni mwathirika. Hoja yangu imesimama.

Jana, chini ya benchi la ukumbi, niliokota flash nyeusi. Mwenyewe simjui. Uungwana ni kumtafuta, na jina lake bila shaka limo ndani. Itabidi ifunguliwe mahali fulani, na ikikataa hapa, pale.

Kwa hiyo ninyi wenye steshenari wa Bukoba, wa sokoni na wa stendi, na wewe Muharami kabla ya wote: bandueni hizo karatasi milangoni na muwashe kompyuta zenu. Kesho asubuhi nakuja. Msiniulize imetoka wapi. Nimeshaifuta kwa leso.