Anwani Kuukuu ya Mabibi wa Hamamu

Bosi Gondo alikuwa akilalamika kwa sauti ndani ya mkahawa mmoja wa Tenma, mtaa wa Osaka, na Moriwaki Shunji hakuwa mtu wa kuacha malalamiko ya tajiri yapotee bure. Alisogeza kikombe chake, kisha akasogeza na kiti.

"Hamamu yangu mpya ina marumaru mpaka chooni," Gondo alikuwa akimwambia mwenye mkahawa. "Lakini mtu akitafuta hamamu za Osaka kwenye simu yake, natokea ukurasa wa tisa. Wa tisa! Nani anafika huko?"

"Waliopotea tu, bosi," Moriwaki akadakia. Akatoa kadi yake kwa mikono miwili na kuinama kwa adabu ya kuazima. Kadi ilisema yeye ni Mshauri Mkuu. Wa nini, haikusema.

Akamweleza Gondo kwamba mtambo wa kutafuta mtandaoni hauoni marumaru. Unatazama anwani ya tovuti: ina umri gani, na ni tovuti ngapi za heshima zinazoelekeza watu huko. Anwani ya Gondo ilikuwa bado inanyonya. Dawa ilikuwa kununua anwani kuukuu, inayojulikana mjini, na kuhamia humo.

"Kama kununua jina la duka la zamani?" Gondo akauliza, macho yakimng'aa. Katika mji ule mtu anaweza kuuza tambi mbaya kwa karne mbili, na watu wakapanga foleni kwa ajili ya hizo karne.

"Hapo hapo, bosi. Unapata umri bila mvi."

Gondo aliwahi kuwa mwanamieleka wa sumo, na mikono yake ilikuwa haijasahau. Aliuweka mmoja begani kwa Moriwaki. "Nakulipa nusu sasa. Mvua za msimu huu zikiisha sijawa wa kwanza, utasugua sakafu ya hamamu yangu mpaka niwe. Na siku nikishuka, unarudi kusugua."

"Mimi nisugue?" Moriwaki akacheka, akatia sahihi. Ile nusu iligeuka suti ya kijivu siku hiyo hiyo.

Anwani yenyewe alikuwa ameshaichungulia. Ilikuwa ya klabu ya mabibi wapenda hamamu, wajane na wastaafu walioandika mtandaoni kwa miaka zaidi ya ishirini kuhusu kila hamamu ya Osaka, joto la maji yake na ukali wa mwenyewe. Magazeti, chuo kikuu, ofisi ya mtaa, wote waliwaelekeza watu kwao. Moriwaki alimwendea mwenyekiti, Bi Hatsue, na keki ya kasutera iliyofungwa kwenye kitambaa cha hariri.

"Mama, anwani yenu imechoka. Wezi wa mtandaoni wanazipenda sana hizi za kizamani. Nitawapa mpya bure kabisa, na hii niachieni nikaitupe salama."

"Ukaitupe? Kumbe nazo hutupwa, kama betri?"

"Kwa utaratibu maalumu, mama."

Mabibi wakatazamana, kisha wakaitazama keki.

"Na wanaotujua kwenye ile ya zamani, watatupataje?" Bi Hatsue akauliza.

Moriwaki alikuwa na haraka, na suti ilimbana kwapani. "Waarifuni tu, mama. Si kama mtu yeyote anayehama nyumba?"

"Kweli kabisa," akasema Bi Hatsue, akagonga muhuri kwenye hati ya kukabidhi anwani.

Hapa tusimame kidogo kwa heshima. Moriwaki alikuwa ametumia maisha yake yote kudanganya, na siku ile, katikati ya uongo mtupu, likamponyoka neno moja la kweli.

Maana mtu mstaarabu akihama hutuma postikadi. Mabibi walinunua zenye picha ya ndoo ya mbao, wakaandika kwa brashi na wino, moja moja, kwa wahariri, maprofesa na makarani: *Tumehama. Karibuni kwetu kupya.* Na hakuna karani atakayepokea wino wa bibi wa miaka themanini kisha akaukalia. Wote walibadilisha anwani kwenye tovuti zao. Kabla mvua hazijaisha, hakuna aliyekuwa akimwelekeza mtu kwenye anwani kuukuu, ambamo Bosi Gondo alikuwa ameshahamia na marumaru yake.

Wiki ya kwanza alipanda hadi ukurasa wa pili, na Moriwaki akaagiza pombe ya sake. Kisha akateremka mpaka wa tano, halafu akaporomoka.

"Wa kumi na nne, Shunji," Gondo akasema. Kuitwa jina la kwanza haikuwa dalili njema. "Kule wa tisa nilikuwa hata na majirani."

"Bosi, mtambo nao una hasira zake za msimu..."

"Brashi ile pale."

Akasugua. Magoti yalimuuma, akalia kidogo pia, maana mvuke ulificha. Gondo alikagua kila asubuhi kwa soksi nyeupe.

Siku moja, kabla hajamaliza upande wa wanawake, mabibi wakaingia na taulo vichwani.

"Mwanangu! Kumbe uko huku!" Bi Hatsue akatoa kasutera kwenye kikapu, mpya, nusu ya ukubwa wa ile Moriwaki aliyowapelekea, kama desturi ya kurudisha zawadi inavyotaka. "Na asante kwa ule ushauri wa kuarifu watu."

Moriwaki alimkagua usoni akitafuta dhihaka. Aliona makunyanzi tu, na pembe moja ya mdomo ambayo hakuweza kuisoma.

Jioni waliandika kwenye anwani yao mpya: *Maji ya kawaida. Marumaru yamezidi. Lakini sakafu! Osaka nzima hatujakanyaga sakafu safi namna hii.* Gazeti likainukuu na kuelekeza watu kwa Gondo, na ofisi ya mtaa ikafuata. Majani yalipoanza kuwa mekundu, hamamu ya Gondo ilikuwa ya kwanza.

Moriwaki akatundika brashi, akavaa suti, akainama. "Bosi, wa kwanza huyo. Naomba ile nusu yangu, niende."

Gondo akampa bahasha bila ubishi. "Nenda tu. Ila niambie, wewe si mshauri? Ukiacha kusugua, nashuka lini?"

Moriwaki akafikiri kwa uaminifu, kwa mara ya pili katika maisha yake.

"Kesho kutwa, bosi."

"Basi vua suti."