Dictée Anunua Kimya

Habari ilikuja kwa baiskeli. Ali Mégaphone, ambaye riziki yake ni kuzunguka Baraka akitangaza mbuzi waliopotea, misiba na sukari iliyoshuka bei, alifunga breki mbele ya benchi letu, akafuta jasho, akatuelekezea chombo chake cha kupaza sauti usoni kana kwamba tumeketi ng'ambo ya ziwa.

"Bababa na bamama! Ku duka ya Ibrahim kumefika écouteurs mupya! Hazina kamba! Zinakata makelele yote! Unavaa tu ku masikio, dunia inanyamaza!"

Mama Hawa, anayetuuzia kahawa, alilikumbatia birika lake lisimwagike.

"We Ali! Kimya unaitangaza na makelele ya vile?"

"Maman Hawa, nikiitangaza polepole, nani atajua kama imefika?"

Benchi letu liko chini ya bati la Mama Hawa, katikati ya mashine ya kusaga muhogo na fundi wa pikipiki. Mtu mwenye akili timamu hawezi kuja kupumzika hapa. Sisi tunakuja kila siku, kwa sababu ya kahawa, na kwa sababu hapa ndipo mtandao unaposhika. Ukisogea kidogo tu upande wa maji, simu yako inakukaribisha nchi jirani.

"MAKELELE GANI?" akauliza Yunusu. "HAPA KUKO MAKELELE?"

Yunusu ana mtumbwi wa injini, na tunamwita Hélice, yaani pangaboi. Amekaa nyuma ya injini ile miaka mingi kiasi kwamba hata akikuomba kiberiti, mtaa wa pili wanaingiza mikono mifukoni.

Aliyeruka kutoka kwenye benchi ni Élie, mwalimu wa shule ya msingi. Jina lake la kijiweni ni Dictée, maana huongea kama anawasomea watoto imla: polepole, kila sentensi mara mbili, na alama zote za uakifishaji.

"Hiyo njo kitu nilikuwa natafuta, point. Je répète: njo kitu nilikuwa natafuta."

"Tumesikia, Maître," Ali akasema.

"Tatizo yangu, virgule, munaijua."

Tuliijua, na kwa kweli ilikuwa inatuuma sote. Dictée anampenda Clarisse wa Fizi-Centre, na Clarisse, kwa siri ambazo Mungu peke yake anazifahamu, anampenda Dictée. Lakini baba yake Clarisse alikwisha kufariki, na mwenye neno la mwisho ni baba yake mkubwa, mzee Nicolas. Mzee alisema kabla hajapokea ujumbe wowote wa posa, anataka kwanza kumsikia huyo kijana kwenye simu. Dictée amekwisha kumpigia mara mbili kutoka hapa kwenye benchi. Mara zote mbili mzee alisema, "Makelele mingi!" akakata. Leo saa kumi ilikuwa mara ya tatu, na Clarisse alikuwa ametuma ujumbe kwamba baba mkubwa hana mara ya nne.

Ibrahim mwenyewe alifika kabla sauti ya Ali haijapoa, carton kwapani, tabasamu limemtangulia. Akapanga visanduku vitatu juu ya benchi.

"Maître, chagua. Hii ya kwanza ni ya mutu mwenye haraka. Hii ya pili ni ya mutu wa akili. Hii ya tatu ni ya mutu mwenye kuoa."

"Na tofauti iko wapi?"

"Kwa bei."

"Zote zinakata makelele?"

"Soma ku carton! Kama haikati, bangeandika?"

Hapo nikaingilia, maana sipendi mtu aliye katika mapenzi auziwe kitu peke yake. Nikamwambia Dictée asiichague carton, achague sikio. Ageukie mashine ya muhogo, avae, awashe hiyo ya kukata, kisha azime. Kama hasikii tofauti, basi amenunua urembo.

Akavaa ya kwanza. Akawasha, akazima, akawasha tena.

"Mashine naisikia. Nikiwasha naisikia, nikizima naisikia."

"Ni kizibo ya chupa hiyo!" Mama Hawa akasema. "Ibrahim, usiuzie bantu vizibo."

Ya pili ilikata vizuri, lakini kila Dictée alipofungua kinywa ilitoka sikioni na kuangukia kwenye karanga za Mama Hawa, na Dictée bila kufungua kinywa si Dictée. Ibrahim akatoa mipira midogo ya kubadilisha. Ndipo tukagundua kwamba sikio la kulia la mwalimu ni kubwa na la kushoto ni dogo.

"Hii ya kulia njo inasikiaka," Ali akaeleza. "Ya kushoto ni ya kupiga picha tu."

Ya tatu, kwa mpira mkubwa kulia na mdogo kushoto, ilikaa. Dictée akabonyeza. Akatulia. Macho yakamjaa maji.

"MASHINE IMEKUFA!" akapiga kelele.

Mwenye mashine akatoka mbio, unga mpaka kwenye nyusi. "Nani amesema mashine yangu imekufa?"

"Haijakufa, ndugu, rudia kazi," Mama Hawa akambembeleza. "Ni mapendo."

"Na siye unatusikia?" nikamwuliza Dictée kwa karibu.

"Munasikilika, lakini kwa mbali. Kama bantu bako Lubondja."

Ali hakungoja kuombwa. Akaleta mégaphone sikioni mwa mwalimu na kusema "Allô" moja tu. Dictée akajikuta amekaa mapajani mwa fundi wa pikipiki.

"Ile hakuna écouteur ya dunia itaweza," Ibrahim akasema kwa heshima. "Ile tumuachie Mungu."

Hélice, ambaye hakuna aliyemtegemea, ndiye aliyeuliza swali la maana siku ile.

"NA ULE MUZEE WA FIZI? YE ATAKUWA NASIKIA MAKELELE YETU AO HAPANA?"

Ibrahim akamtazama kwa huruma. "Hélice, fikiri kidogo. Maître yuko hapa, karibu na mashine, na haisikii. Muzee yuko Fizi, kule yulu mulimani. Atasikia na nini?"

Tukatazamana. Ilikuwa hoja nzito. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nikijifanya mjuzi wa masikio, niliikubali mzimamzima na nikatikisa kichwa kama mtu aliyesomea. Dictée akalipia ile ya mtu mwenye kuoa. Saa kumi ikafika.

Akasimama akielekea ukuta, akatupa mgongo. "Allô, baba mukubwa. Jambo yenu. Ni Élie. Je répète: Élie. É, accent aigu."

Nyuma yake sisi tulikuwa tumekatwa, kwa hiyo tulikuwa huru.

"Akikubaliwa," Ali akasema, "siku ya dimanche tunapanda Fizi siye wote."

"MI NITABEBA NDAGALA," Hélice akasema, akiwataja dagaa wa ziwa letu. "NDAGALA YA MUBICHI, YA KUTOKA KU MAJI ILE ASUBUI! LAKINI NI HASARA! BANTU BA FIZI NDAGALA BANAIJULIA WAPI?"

"Banakulaka, Hélice," Mama Hawa akasema. "Inafikaka ya kukauka."

"ILE SI NDAGALA, NI MISUMARI! BANAICHEMUSHA, INAKATAA! BANAIKARANGA, INAKATAA! MWISHO BANAIFICHA NDANI YA SOMBE, YA MAJANI YA MUHOGO, BANAFUNGA MACHO, BANAMEZA!"

Mama Hawa alicheka mpaka akashika nguzo. Ibrahim alikuwa akipigapiga benchi.

"Na ule muzee mwenyewe," Ali akaongeza, "banasema akikohoa, mbuzi zinapanga mustari."

"ULE SI MUZEE, NI BARRIÈRE YA BARABARA! UKIFIKA KWAKE, LAZIMA UACHE KITU!"

Nami nikachangia neno kuhusu kohozi la mzee ambalo sitaliandika hapa. Raha ilioje kumsema mkubwa wa watu ukiwa na hakika hakusikii! Tuliongeza sauti ili tuufaidi ule uhuru. Ali hata akarudia neno langu kwenye mégaphone.

Kule ukutani, shingo ya Dictée ilikuwa ikizama mabegani.

"Ndiyo, baba mukubwa... Lakini, baba mukubwa, nilikuwa bado ku introduction..."

Kisha akanyamaza. Akatugeukia na uso wa mwanafunzi aliyelitafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu asilione.

"Amesema ninyamaze," akanong'ona.

"Kisha?" Mama Hawa akauliza kwa mikono.

"Kisha hasemi kitu. Anapumua tu."

Nikaona posa imekwisha. Nilimwona Clarisse ameolewa na mtu mwingine, mtu mwenye nyumba yenye kimya. Wakati huohuo Dictée akashtuka, akashika masikio yake yote mawili.

"Kuko mama moya humu ndani anasema Kichina!"

"Anakuambia moto imeisha," Ibrahim akasema, akiangalia upande mwingine. "Nilisahau kukuambia uzichaji."

Écouteurs zikafa. Mama Hawa, ambaye ndiye mwenye akili kati yetu, alimnyang'anya simu na kubonyeza haut-parleur. Sauti nzito ya mzee ikamwagika juu ya benchi zima.

"...sasa juu ya nini mumenyamaza?"

Hata mashine ya muhogo, naapa, ilipunguza mngurumo.

"Banaificha ndani ya sombe, banafunga macho, banameza. Kisha? Endelea!"

Ibrahim akaanza kuifunga carton yake polepole kwa mguu.

"Ule mwenye kusema bantu ba Fizi banakulaka misumari, ni nani?"

Vidole vyote vilimwelekea Hélice, cha Mama Hawa kikiwa cha kwanza. Hélice akatoa sauti ambayo hatukuwahi kujua anayo, nyembamba, ya mtu aliye msibani.

"Ni miye, baba. Unisamehe."

"Unasema nini? Sema kwa nguvu! Sasa hivi ulikuwa unasema muzuri!"

"NI MIYE!"

"Aah, njo ile. Sikia, mutoto. Mi nilizaliwa Lweba, pale kwa maji. Tangu nipande huku kwa kazi, niko nakula ile misumari, na kila siku namwambia bibi yangu Adolphine ni tamu. Miaka yote hiyo! Leo njo nimesikia mutu anasema kweli." Sauti ikashuka. "Lakini musiseme sana, Adolphine iko karibu."

Mlipuko wa kicheko uliotoka kwenye benchi lile nadhani ulifika Fizi hata bila simu. Dictée peke yake hakucheka. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, jasho likimtiririka.

"Baba mukubwa, naomba musamaha kwa hii makelele. Nilinunua écouteurs za kuikata, je répète..."

"Makelele ya nani?"

"Ya hawa, baba. Mara mbili ulikata simu, ulisema makelele mingi."

"Élie! Makelele nilisema ni we!"

Dictée akaitazama simu kana kwamba imemng'ata.

"Kila mara bale bantu ba nyuma banaanza hadisi tamu, we unaifunika na Kifaransa yako! Ile siku ingine banasema juu ya mbuzi iliingia ku kanisa. Niko nasikiliza, naita na bibi yangu asikilize, karibu tufike mwisho, we unaanza 'je répète, je répète'! Nilikata na hasira. Mupaka leo sijue ile mbuzi ilitoka namna gani!"

"Ilitoka imevaa ku kichwa foulard ya baimbaji ba chorale, baba!" Ali akapiga kelele bila chombo.

Mzee alicheka, akakohoa. Sisi tulitazama kama kuna mbuzi atakayepanga mstari.

Ibrahim alikuwa amekaa chini, mikono kichwani. "Kumbe inakata kwa masikio ya ule mwenye kuvaa tu," akanong'ona. "Ule wa ngambo anasikia vyote."

"NJO NILIKUULIZA!" Hélice akasema, sauti yake imemrudia.

"Sikia sasa," mzee akasema, nasi tukatulia kama darasa. "Dimanche mupande, we na bale bote. Na ndagala ya mubichi, musisahau. Mutu mwenye kukaa na bantu ba vile kila siku, na bado banamuvumilia, na siye tutamuvumilia."

"Baba mukubwa," Dictée akasema, "maana yake umekubali? Je ré..."

"Usirudilie! Nimekubali. Na ile kitu yako ya kukata makelele, usiitupe. Umuletee Clarisse. Ye njo ataishi nyumba moya na we."

Akakata. Mama Hawa akapiga kigelegele, akammwagia Dictée kahawa ya bure, nusu kikombeni, nusu kwenye suruali. Hélice alikuwa amekwisha kushika njia ya ziwani kuandaa nyavu zake, ingawa Jumapili bado ilikuwa mbali. Ali alikuwa juu ya baiskeli, na Baraka nzima ilikuwa inaambiwa kwamba Maître Élie amepata bibi na kwamba vizibo vya Ibrahim bado vipo.

Dictée akafungua kinywa ili atushukuru. Akatutazama mmoja mmoja. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akakifunga, akacheka tu huku machozi yakimtoka.

Ibrahim alikuwa ameifungua tena carton yake, akitafuta ile mipira midogo.

"Maître," akasema, "Clarisse masikio yake iko namna gani? Mikubwa ao midogo?"