Mkalimani Mwenye Magamba Mdomoni

Jumatatu, 8 Machi 1954

Balaa! Mwalimu Apolinary kanichagua kuwa mkalimani. Daktari wa Kizungu, mgeni kabisa, anakuja kuhutubia wazazi. Yeye aseme Kiingereza, mimi nigeuze kwa Kiswahili. Mbele ya kijiji kizima cha Ihembe! Mimi, ambaye hata kumwamkia mke wa mwalimu nakohoa kwanza. Nikasema koo linauma. Akasema halijaanza kazi, litaumaje?

Jioni nikapata akili. Cassian, tunayelala naye bweni moja, ana vidonda mdomoni, vina magamba ya njano kama asali iliyokauka. Nimejifuta uso kwa taulo lake. Nikasugua hasa. Mkalimani asiye na mdomo atawafaa nini?

Jumatano, 17 Machi

Vimeota! Puani, mdomoni, vinatoa maji. Sijawahi kujipenda hivi kwenye kioo. Kucheka kunauma.

Mbio kwa Yustus, dresa wa zahanati, nikitegemea ataamuru nilale wiki nzima. Wapi! Akaloweka magamba kwa maji ya moto na sabuni, akayabandua (nililia, kidogo), akanipaka dawa ya zambarau toka pua hadi kidevu. Akasema vinaambukiza, nikate kucha, nisikae karibu na mtu. Nikauliza kwa unyenyekevu: na kusema je? Akasema sema mpaka uchoke, baba, kidonda hakiko kwenye ulimi.

Alhamisi, 18 Machi

Kwa kuwa nimeambiwa nisikae karibu na mtu, nimesimamishwa peke yangu. Juu ya meza.

Daktari kuniona tu, uso ukamng'aa. Kumbe hotuba yenyewe ni ya magonjwa ya ngozi! Akaninyooshea kijiti kama ramani. Ugonjwa unaitwa impetigo. Jina zuri mno kwa usaha. Akasema kijana huyu bila shaka ametumia taulo la mwenzake, na kunawa hanawi.

Mama yuko mstari wa mbele, na kilemba kipya. Ningefanyaje? Nikatafsiri: huwapata wenye akili nyingi, hasa waliolelewa na mama msafi.

Makofi! Mama akasimama kupunga mkono. Mwalimu Apolinary, ambaye Kiingereza anakijua, akafunika uso.

Jumamosi, 20 Machi

Viboko. Sitaki kuandika zaidi. Vidonda vinakauka.

Novatus, wa mwisho darasani, kaja kuniomba taulo langu. Nikakataa. Sitaki mpinzani.

Halafu msiba: Daktari kafurahishwa na yale makofi. Ananitaka tena, mwezi ujao, Kayanga, siku ya soko! Cassian kanishauri nitafsiri kweli tupu, yaishe. Cassian hajui mambo.

Nasikia Rugu kuna surua. Nimeomba ruhusa nikamsalimie shangazi huko. Mwalimu anashangaa nilivyo na upendo.