Wazee Ishirini na Watatu kwa Kibodi Moja

Jumapili, 6 Oktoba

Zimebaki siku nne. Alhamisi Bi Arwa, mkuu wetu wa idara ya oda, atatangaza nani anapewa mkataba wa kudumu: mimi au Muhannad. Sote wawili tuko kwenye majaribio miezi mitatu sasa, katika kiwanda hiki cha halua ya ufuta, hapa Zarqa. Nafasi ni moja. Ni yangu. Muhannad hajaambiwa tu.

Nina miaka thelathini na sita. Kazi nilizoacha ni saba. (Mimi nasema "nilizoacha". Dada yangu Sausan ana neno lingine.) Mama ameapa kwamba hii ikinitoka hataki tena kusikia habari za ofisi. Nitakwenda Karak kwa mjomba, nikatunze kuku elfu mbili. Kuku! Mimi!

Sausan huwafundisha watafuta kazi kwenye kituo cha manispaa. Leo asubuhi kanipa karatasi ya masharti yake. Salimia kila mtu. Sikiliza kuliko unavyosema. Ukikosea, omba radhi hapo hapo. Mambo ya ukoo yaache nyumbani. Akaongeza, kwa ile sauti yao walimu, kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamwambia mimi nina ufagio.

Mbinu ya leo: kufika wa kwanza, Bi Arwa anikute mezani. Nikafika saa kumi na mbili asubuhi. Mlinzi ni mpya, hanijui. Akanifokea mbona nimechelewa, lori la ufuta limeshafika na wapakuzi wenzangu wako wapi. Ningemwambia mimi ni karani. Lakini nikawaza, pengine Bi Arwa atapita aone jinsi ninavyojituma. Hakupita. Nimeshusha magunia arobaini na moja. Nilipopanda ofisini saa tatu ilikuwa inakaribia, nimejaa vumbi la ufuta mpaka kwenye nyusi, na Muhannad ameshachana nywele zake na kumpelekea Bi Arwa chai ya nanaa. Bi Arwa akaniuliza kama siku hizi kazi inaanza saa tatu.

Mgongo unaniuma vibaya. Lakini moyo uko imara.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeigundua siri ya Muhannad! Meza yake iko mbele ya mlango wa Bi Arwa. Kila anapotoka anamwona yeye. Mimi wamenibana nyuma ya kabati la mafaili, jirani na choo. Nani amewahi kupata mkataba jirani na choo?

Basi Muhannad alipokwenda kuswali adhuhuri nikaamua kuzibadilisha meza. Nikaisukuma yake, nzito kama imezaliwa pale pale. Sikuiona birika ya kahawa pembeni. Ikaanguka. Kahawa yote juu ya kibodi yake! Nikachukua kitambaa nikapangusa upesi upesi. Kitambaa kumbe ni koti lake.

Ndipo akaingia. Akapiga kelele ofisi nzima ikageuka. Akaniita punda asiye na mwenyewe. Mbele ya watu kumi na mmoja! Bi Arwa akatoka, akatutazama, akasema niombe radhi tuendelee, oda ya Aqaba inasubiri. Neno moja tu, alisema. Nikamwambia nitalifikiria.

Sausan kwenye simu alikaribia kulia. Neno moja, Raslan! Linakushinda nini? Nikamuuliza yeye yuko upande wa nani. Akasema upande wa mkataba.

Sitaomba radhi. Asiye na mwenyewe? Mimi? Mimi nina wenyewe mia nne, kuanzia hapa mpaka Karak! Kama hawajui, watawajua. Nimempigia Ami Abu Hikmat.

Jumanne, 8 Oktoba

Ami Abu Hikmat ndiye mpatanishi wa ukoo wetu. Ajali za barabarani, visima, ndoa, hata damu: yeye huvaa joho lake la kahawia, wazee wakamfuata nyuma, na jambo likaisha. Tangu mwezi wa nne hajapata ugomvi hata mmoja. Mkewe anasema amekonda.

Akafika kwetu hatujamaliza kifungua kinywa. Nilidhani atasimama upande wangu. Akauliza nani kamwaga kahawa. Nikasema kahawa ilimwagika. Akauliza tena, nani kamwaga. Kibodi ya nani? Koti la nani? Nikamega mkate. Akasema vizuri sana, basi sisi ndio wakosaji! Akafurahi kupita kiasi, kwa sababu upande wa mkosaji ndio unaopeleka wazee.

Hapo hapo akampigia Haji Falah, ami yake Muhannad, mzee mfupi mwenye sauti ya kujaza bonde. Wakaamkiana robo saa nzima. Kisha wakafunga mapatano ya kusitisha uhasama: siku tatu na theluthi, kama desturi. Nikajiona mtu mkubwa. Watu kumi na mmoja waliosikia tusi, na sasa koo mbili zimesimama kwa ajili yangu!

Halafu Ami akanikumbusha kwamba katika siku hizo mkosaji hakanyagi anapokanyaga aliyekosewa. Nikauliza, hata ofisini? Akasema, hasa ofisini.

Mahesabu yangu: siku tatu na theluthi zinaishia Ijumaa jioni. Mkataba ni Alhamisi. Lo!

Nimemwandikia Bi Arwa kwamba sitafika kwa sababu ya kusitishwa uhasama. Akajibu: uhasama gani? Kisha: Raslan, njoo kazini. Sikumjibu. Baba yake ni mzee wa ukoo, mambo haya anayajua tangu yuko kwenye mbeleko. Anajitia mgeni tu.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimeshinda juu ya mzeituni, maana Mama anasema mtu aliyeko likizo achume. Nikamweleza hii si likizo, ni heshima. Akanipa ndoo ya pili.

Saa sita Muhannad kaniandikia mwenyewe. Anasema yameshamwishia, kibodi imekauka, imebaki harufu ya iliki tu. Anasema wewe njoo bwana, oda ya Aqaba imenilemea, peke yangu siiwezi. Anasema na lile la punda nimsamehe, hasira tu.

Mtego! Adui anaomba radhi kwa simu, bila shahidi hata mmoja, ili kesho akane! Nikaupeleka ujumbe wake kwa Ami. Ami akamwambia Haji Falah. Haji Falah akamfokea Muhannad kwa kuzungumza na upande wa pili kabla wazee hawajakaa. Ha! Hiyo imemkaa.

Lakini Mama amempigia mjomba wa Karak. Nimemsikia kwa masikio yangu akimuuliza kama kile chumba cha jirani na banda kina dirisha. Nikamwomba Ami aharakishe, akakubaliana na Haji Falah siku zipunguzwe. Haji Falah akasema kosa lilitendeka kiwandani, basi na lifutwe kiwandani, kesho saa nne. Bi Arwa alikataa. Ami akampigia tena, akakataa. Ami akampigia baba yake. Bi Arwa akakubali: nusu saa, ukumbi wa kufungashia halua, na kila atakayeingia avae kofia ya nailoni ya kuzuia nywele. Sharti la usafi, halina mkubwa wala mdogo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Wazee ishirini na watatu. Majoho, vilemba vyekundu, na juu ya vilemba kofia za nailoni. Ya Ami Abu Hikmat ilimkataa kichwa, akaivaa kama kiota cha njiwa. Mashine zikazimwa. Wasichana wa kufungasha wakasimama ukutani, mikono midomoni. Mimi nikaona fahari, wallahi. Kazi saba nilizoacha, hakuna hata moja waliyonizimia mashine.

Njiani Ami alikuwa ameniusia. Haji Falah atadai mbingu na ardhi. Usiogope. Kisha ataanza kusamehe, moja baada ya jingine, kwa heshima ya huyu na huyu, mpaka pasibaki kitu. Ndivyo inavyokwenda tangu enzi za mababu. Kazi yako wewe ni kuinamisha kichwa na kufunga mdomo. Nikamwambia Ami, hiyo kazi rahisi.

Kahawa chungu ikaletwa. Ami akapokea kikombe, akakiweka chini bila kukigusa. Wazee wote hivyo hivyo. Akasema hatunywi mpaka tupewe tulichokuja kukiomba. Akasema sisi ndio tuliokosa, na akaisifu nyumba yetu, na marehemu babu yangu, na hata kibodi akaisifu. Nikakaribia kulia.

Haji Falah akasimama. Anadai manne. Moja, koti jipya. Mbili, kibodi mpya. Tatu, Raslan apande juu ya kiti aombe radhi mbele ya kiwanda kizima. Nne, Raslan aiache kazi leo hii, asirudi. Kwenye la nne nikamwona Bi Arwa ameinua uso. Ami akanibana goti: tulia.

Haji Falah akavuta pumzi. Koti, akasema, nimelisamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Wazee wakaitikia. Kibodi nimeisamehe kwa ajili ya Mtume. Wakaitikia tena. La kiti nimelisamehe kwa ajili ya mvi za Abu Hikmat. Limebaki moja, la kazi. Akanigeukia, akanitazama kwa huruma, machozi yakamlengalenga kabisa, akaanza: na hili la kazi nalisamehe kwa sababu kijana mwenyewe maskini, akili yake ndiyo hiyo hiyo aliyopewa, tumhurumie tu...

Tumhurumie? Mimi? Mbele ya wasichana wa kufungasha?

Nikasimama. Nikasema sihurumiwi na mtu! Nikasema sitaki kusamehewa, tena sitaki msamaha wake hata akiniletea kwenye sinia! Nikasema nimekubali! Naiacha kazi leo hii, mashahidi ni ninyi!

Haji Falah amebaki mdomo wazi, sentensi yake hajaimaliza. Miaka hamsini anasamehe watu, hajawahi kukatizwa katikati. Ami akafumba macho. Neno likishatoka mbele ya wazee halirudi kinywani, hilo hata mtoto analijua. Mzee mmoja wa nyuma akauliza, sasa kahawa tunakunywa au hatunywi? Hakuna aliyejua. Bi Arwa akatazama saa yake, akasema zimebaki dakika nne, basi wakanywa.

Muhannad akanifuata mpaka getini. Akasema wewe mwehu, kunyamaza tu kumekushinda? Akasema hakutaka kupata nafasi namna hii. Akanipa kopo la halua ya lozi. Nikakataa. Akaliweka chini akaondoka. Nikalichukua, maana kuliacha ni uchafu.

Nimeumia. Naandika humu tu, kwingine sitalisema. Nilikuwa naipenda kazi ile. Nilikuwa nimeshazoea kupanga oda, na ile ya Aqaba nusu yake niliiandika mimi. Lakini niliondoka nimesimama wima.

Jumamosi, 12 Oktoba

Begi langu la Karak liko mlangoni. Mama alilifunga jana. Ameniwekea na glavu.

Leo mchana Sausan kaja anahema. Bi Arwa amempigia simu. Kumbe nafasi zilikuwa mbili! Oda ya Aqaba ilipokua, kiwanda kikaongeza moja, na mikataba yote miwili ilikuwa imeshachapwa tangu Jumatano. Jina langu liko pale, ndani ya droo. Bi Arwa anasema yaliyosemwa ukumbini ni mambo ya wazee, na wazee si idara yake. Haji Falah naye amesema sentensi yake ilikuwa haijaisha, kwa hiyo kisheria sikukubali kitu. Kesho Jumapili, saa mbili asubuhi, niingie, nimwambie Muhannad samahani, nikae chini, nitie sahihi. Hakuna zaidi.

Sausan alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Mama akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Hajanishika hivyo tangu alipofariki Baba. Akasema, mwanangu, kuku watapata mtu mwingine. Wewe nenda tu. Sema hilo neno urudi na karatasi, niione kabla sijafa.

Nikaguswa, sifichi. Nikawaambia nimeelewa. Nikasema nimejifunza, na kesho saa mbili nitakuwa pale. Wakanikumbatia. Mama akalifungua begi, akarudisha mashati yangu kabatini, anaimba.

Nikatoka barazani kuwaza. Samahani, sawa. Nitaisema. Lakini samahani ya mtu mmoja, asubuhi, kati ya meza mbili, hiyo ni samahani au ni salamu? Kesho Muhannad akisema sikuisema? Na kama Haji Falah ana sentensi ambayo haikuisha, si lazima apewe nafasi aimalize, na mimi niwepo nimjibu?

Nimempigia Ami Abu Hikmat. Akapokea kabla simu haijalia mara ya pili. Akauliza, wazee wangapi? Nikamwambia arobaini, saa mbili kamili, tena safari hii nitazungumza mimi.