Nafasi Kati ya Gurudumu na Gari

Kuanzia tarehe mosi Julai, nafasi yote iliyopo kati ya gurudumu na gari ilitangazwa kuwa mali ya umma. Tangazo lilibandikwa Mbeya na Iringa, likiwa na mihuri mitatu na sahihi ya Bwana Sosthenes, Kaimu Meneja wa Kanda, Idara ya Usimamizi wa Nafasi za Magurudumu. Wananchi walilipokea kwa utulivu mkubwa, maana wengi walidhani ni la mgao wa maji.

Bwana Sosthenes aliipenda kazi yake. Ofisi yake pale Soweto, jijini Mbeya, ilikuwa na watumishi kumi na mmoja wa kupima nafasi, na kipimo kimoja ambacho kilikuwa njiani kwa mwaka wa pili. Kipimo kilipokawia, watumishi walikadiria kwa vidole, na vidole vikathibitishwa na kamati.

Mwezi huohuo akafanya ziara ya kushtukiza Ipogolo, kule chini barabarani kabla hujapanda Iringa mjini. Alimkuta fundi Yudith kwenye mashine ya kukereza vyuma, akijitengenezea spesa za pikapu yake: vipande viwili vya chuma, mviringo kama sahani, vya kuweka kati ya habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu, na rimu.

"Kamwene, bosi," Yudith akasalimia, macho kwenye chuma.

"Zima mashine. Hivyo vya nini?"

"Rimu nilizonunua ni pana, tairi zinasugua shokapu. Nikiweka hizi, gurudumu linasogea nje kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Milimita ishirini."

Bwana Sosthenes akavuta pumzi ya kiutumishi. "Kwa hiyo umezalisha nafasi ya milimita ishirini bila kibali."

"Nafasi iko wapi, bosi? Hapo nimejaza chuma."

"Basi umevamia nafasi ya umma na kujenga. Hilo ni kosa kubwa zaidi. Na nani kakuthibitishia kwamba ni ishirini?"

Yudith akachukua venia yake ya kupimia, akabana chuma, akamwonyesha. "Soma mwenyewe. Na tundu hili la katikati limekaa kwenye habu ya pikapu yangu bila kucheza. Likipwaya, mzigo wote unaangukia bolti, na bolti zinakatika."

Bwana Sosthenes alikuwa hajawahi kuona venia. Aliipenda papo hapo, akaikamata pamoja na spesa kama vielelezo.

"Bosi, pikapu hiyo ndiyo inampeleka baba kliniki kila Alhamisi. Amekatwa mguu. Na rimu za zamani nilishauza."

Bwana Sosthenes alisikitika kwa dakika nzima. Kisha akamfahamisha kwamba fomu ya kuomba kurudishiwa vielelezo inapatikana Mbeya, mwombaji afike mwenyewe, na gari husika.

Tangu siku hiyo Mzee Kalinga, baba yake Yudith, alikwenda kliniki kwa bodaboda, magongo yamefungwa kwa mpira ubavuni mwa pikipiki. Mara mbili alianguka. Bwana Sosthenes alipoandikiwa habari hizo, alijibu kwamba ajali za bodaboda ni za idara nyingine.

Septemba ikaitishwa semina kubwa mjini Iringa, Alhamisi saa nane mchana, naye ndiye mtoa mada. Wakati huo gari la Idara lilikuwa limefungwa tairi mpya, pana kuliko gari lenyewe, kwa chaguo la kamati ya manunuzi. Ukikata kona, zilisugua mpaka zikatoa moshi. Gari likawa linakwenda mbele tu, jambo ambalo taarifa ya robo mwaka ililisifu.

"Tufunge zile spesa za yule mama wa Ipogolo," akaamuru Bwana Sosthenes.

Dereva wake, Bartolomeo, akazijaribu. "Bolti zinaingia, bosi, ila tundu la katikati linapwaya."

Bwana Sosthenes akaandika dokezo kuelekeza spesa zisipwaye, akagonga muhuri. Wakaondoka alfajiri. Usukani ulianza kutetemeka Makambako. Kufika Mafinga, hata meno yalikuwa yanagongana. Walipoingia Ipogolo, kitu kikalia *pwa!* na gurudumu la mbele kushoto likawapita kwa mwendo wa kuridhisha, likaingia mtaroni. Gari likalala kwa tumbo. Hakuna aliyeumia, lakini Bwana Sosthenes alitoka akiwa amekumbatia mkoba.

Kundi la watu likajaa. Yudith akaja akijifuta mikono, akachungulia.

"Hizi zangu."

"Zilikuwa kwenye majaribio," akasema Bwana Sosthenes. "Mama, nina semina saa nane. Nitengenezee."

"Bolti zote zimekatika. Leo haliondoki. Pikapu yangu ingekufikisha, ila imekaa juu ya mawe."

Bwana Sosthenes akaangalia saa. Akachukua karatasi, akaandika juu ya boneti hati ya kurejesha vielelezo na kibali cha kudumu, watu wakimsomea makosa ya tahajia. Venia ilitoka mkobani, alikokuwa ameiweka akaionyeshe semina kama kifaa kipya cha Idara. Yudith alipima spesa zake, akasugua palipochubuka, akazifunga. Nusu saa, pikapu ikashuka kwenye mawe.

"Naanza na baba," Yudith akasema.

Bwana Sosthenes aliona ni namna ya kusema tu. Akapanda nyuma, maana mbele alikaa Mzee Kalinga, akakabidhiwa magongo ayashike yasirukeruke. Walipopita geti la semina, matarumbeta yalikuwa yanapigwa na viongozi wamejipanga mstari. Akagonga bodi kwa gongo. "Hapa! Hapa!" Yudith hakupunguza hata gia. Mkurugenzi kutoka makao makuu alimtazama kaimu wake akipita na vumbi, akampungia mkono akidhani ni mwananchi.

Kliniki, nesi alimpokea Mzee Kalinga, kisha akamgeukia yule mwenye suti na magongo.

"Na wewe ni nani?"

Bwana Sosthenes akafungua kinywa. Cheo chote, kuanzia Kaimu, kilikuwa tayari ulimini.

"Andika msaidizi," akasema Yudith.

Nesi akaandika. Halafu akamwomba msaidizi asogee pale mlangoni, anaziba njia ya wagonjwa.