Simu Yangu Imekuwa Askari Wako

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mipangilio ya Kompyuta, mjukuu wangu mtoro,

Umepotea mpaka kiti chako kimerithiwa na paka. Ningekupigia, lakini simu ndiyo mshtakiwa. Anayeniandikia ni mama yako, maana mimi shule niliiona kwa nje tu. Ameniomba nipunguze makali, nimemwambia aandike kama ninavyosema.

Uliponipa simu hii ulijigamba kwamba umeipanga sawasawa na kompyuta zote za hospitali yenu, uzilinde zote kwa pamoja. Ahsante. Sasa, kwa heshima zote, pokea malalamiko yangu:

1. Inajifunga kila nikiiweka chini nikoroge chungu. Kuifungua inataka kidole gumba, na gumba langu limesugua masufuria maisha yote, halina mistari tena. Eti haijanitambua. Mimi!

2. Nilimpelekea fundi wa simu aongeze muda wa kujifunga. Akaongeza. Kabla sijafika nyumbani, imejirudisha vilevile ulivyopanga wewe. Nikamrudia, akacheka: "Bibi, hii simu ina mwenyewe." Mwenyewe ni nani, kama si mimi?

3. Zamani ikiharibika ulikuja. Ukala, ukajinyoosha mkekani, ukanieleza nani kakuudhi kazini. Siku hizi unabonyeza ukiwa hukohuko, imepona. Ni ujanja gani huo?

4. Nasikia kifaa kikitoka nje ya mpangilio, unakirudisha bila kukiuliza. Vizuri. Mpangilio wetu ulikuwa kuja kila mwisho wa mwezi. Umetoka nje. Nakurudisha.

5. Ukikaidi, nyumba hii nayo itakuwa hospitali yenu. Nimeshaanza. Jana shangazi yako alibisha hodi, nikamjibu kupitia dirisha kwamba sijamtambua, ajaribu tena baadaye. Amenuna, na bakuli la mboga alilokuwa ameniletea kaondoka nalo. Hasara hiyo naihesabu kwako.

Kwa hiyo naomba uondoe mipangilio yote kwenye simu yangu na, ukipata nafasi, kwenye kompyuta zote za hospitali, watu wapumue.

Wasalimie wenzako wote. Mkubwa wako mwambie nina neno naye.

Ni mimi, bibi yako, niliyekuogesha kwenye karai ukipiga kelele mtaa mzima.

Nyongeza: Kabla mama yako hajaikunja barua, mwanamume mwenye sauti ya asali amenipigia simu. Eti ni wa benki, niingize programu fulani upesi, akiba yangu isipotee. Nimefuata kila neno lake, maana alinisalimia vizuri kuliko wewe. Simu ikakataa, eti mipangilio yako hairuhusu. Akanielekeza upya, ikakataa tena. Alipoanza kunitukana ndipo nikamjua kuwa ni tapeli. Basi usiondoe kitu. Na simu ya shangazi yako nayo ipange kama yangu, yule huamini kila anayemwita dada. Ila lalamiko namba tatu silifuti.

Ukija mwisho wa mwezi usibishe hodi, fungua mwenyewe. Ufunguo uko palepale pa siku zote. Mama yako amegoma kuandika ni wapi, anasema barua inaweza kusomwa na yeyote. Unaona ulivyotuharibu? Njoo na njaa.